Kinachokula Mabati ya Bagamoyo

Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ya Bagamoyo, anayeulizia mabati huulizwa kwanza geji: 28, 30 au 32? Kisha rangi, kisha urefu. Ni nadra mteja kuuliza bati limepakwa gramu ngapi za zinki, au muuzaji kumuuliza mteja nyumba yake iko mbali kiasi gani na maji. Na hayo mawili ndiyo yanayoamua. Bati la aina moja likiezekwa Lugoba au Msata, upande wa bara, linaweza kukaa miaka mingi likiwa limefifia tu. Likiezekwa Dunda, ambako kusi na kaskazi hupokezana kuleta rasharasha za bahari hadi barazani, hupiga wekundu kwenye kingo na matundu ya misumari kabla mwenye nyumba hajamaliza madeni ya ujenzi.

Wenyeji husema chumvi imelila. Usemi huo una ukweli, ila unamtaja msaidizi na kumwacha mlaji mwenyewe. Kumpata mlaji kunahitaji kurudi kwenye ule msururu wa metali ambao kila aliyepita kidato cha tatu aliwahi kuukariri, halafu kuangalia ni mambo gani msururu huo hausemi.

Darasani msururu huanza na jaribio dogo. Chembe za zinki hutiwa kwenye tyubu ya kioo, juu yake ikamiminwa asidi ya salfuriki iliyozimuliwa. Mapovu hupanda, tyubu hupata joto mkononi, na kijiti kinachowaka kikisogezwa mdomoni mwake gesi hualika kwa mlio mfupi. Gesi hiyo ni haidrojeni. Kila atomu ya zinki imetoa elektroni mbili na kuingia kwenye maji kama ioni. Ioni mbili za haidrojeni zimezipokea elektroni hizo, zikaungana na kutoka kama gesi. Gramu moja ya zinki hutoa zaidi ya theluthi moja ya lita ya haidrojeni. Mwalimu akirudia jaribio kwa chuma, mapovu yatakuja polepole zaidi. Kwa magnesi yatakuja kwa fujo. Kwa shaba hakuna litakalotokea, hata darasa likisubiri mpaka kengele.

Robert Boyle alieleza mwaka 1671 jinsi unga wa chuma ukitiwa kwenye asidi unavyotoa hewa inayoshika moto. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1766, Henry Cavendish aliipima hewa hiyo na kuonyesha kuwa ni kitu cha peke yake. Haukupita muda ikapata kazi. Agosti 1783 Jacques Charles alijaza puto jijini Paris kwa haidrojeni iliyotokana na karibu nusu tani ya chuma na asidi ya salfuriki. Puto lilipaa, likaanguka kijiji cha Gonesse, na wanakijiji waliodhani ni zimwi wakalirarua. Aliyeweka mpangilio alikuwa Nikolai Beketov, mkemia aliyefundisha Kharkiv: mwaka 1865 alichapisha utafiti wake kuhusu namna metali moja inavyoitoa nyingine kwenye mchanganyiko wake, na haidrojeni akaipa nafasi yake katikati ya metali hizo.

Tangu hapo orodha haijabadilika sana: potasi, sodiamu, kalisi, magnesi, alumini, zinki, chuma, risasi, kisha haidrojeni, kisha shaba, fedha na dhahabu. Zilizo juu ya haidrojeni zinaweza kuitoa kwenye asidi. Zilizo chini haziwezi. Leo nafasi hizo hupimwa kwa volti. Haidrojeni imepewa sifuri, zinki iko -0.76, chuma -0.44, shaba +0.34. Kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri, ndivyo metali ilivyo tayari zaidi kutoa elektroni zake.

Pwani ya Bagamoyo inazo ncha zote mbili za orodha hii. Kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge na yale ya Saadani, kinachobaki maji yakikauka kina sodiamu, ambayo ikiwa metali tupu huitoa haidrojeni kwenye maji ya kawaida kwa vurugu. Lakini ile iliyomo kwenye chumvi imetulia kabisa, kwa sababu elektroni yake ilishatoka zamani. Kilo moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 11 za sodiamu, na hakuna metali ya kawaida itakayoitoa humo. Humphry Davy alihitaji umeme kuipata kwa mara ya kwanza, mwaka 1807. Ncha ya pili ni shaba. Sarafu za shaba zilizofuliwa Kilwa karne nyingi zilizopita bado zinaokotwa mchangani zikiwa na maandishi yanayosomeka, na tano kati yake ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Msumari wa chuma wa umri huo, kama umebaki, huwa bonge la kutu lisilo na umbo.

Hadi hapo orodha inaonekana kumaliza kila kitu: zinki na chuma viko juu ya haidrojeni, kwa hiyo vitaliwa. Tatizo ni kwamba orodha hiyo imepimwa ndani ya asidi kali, na Bahari ya Hindi si asidi. Pi-echi ya maji ya bahari ni karibu 8.1. Ioni za haidrojeni zilizomo ni pungufu mara zaidi ya milioni mia moja kuliko zile zilizo kwenye asidi inayotumika kupima volti hizo. Ukikokotoa upya kwa maji ya namna hiyo, nafasi ya haidrojeni hushuka kutoka sifuri hadi karibu -0.48, jirani kabisa na chuma. Msukumo wa chuma kuitoa haidrojeni unakuwa umebaki kidogo mno. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuona nanga ikitoa mapovu ufukweni.

Na bado nanga inaliwa. Anayepokea elektroni zake ni oksijeni. Katika maji yale yale nafasi ya oksijeni ni karibu +0.75, hivyo kati yake na chuma kuna pengo la takriban volti 1.2, na lita moja ya maji ya bahari yenye joto la pwani hii hubeba karibu miligramu 6 za oksijeni iliyoyeyuka. Kwenye bati la paa hali ni nyepesi zaidi kwa mlaji. Utando wa unyevu juu ya bati ni mwembamba, kwa hiyo oksijeni ya hewani huufikia uso wa metali bila safari ndefu. Chumvi haipokei elektroni hata moja. Kazi zake ni nyingine: inafanya unyevu upitishe umeme vizuri, na kloridi yake inaharibu tando ambazo metali hujijengea ili kujikinga. Pia chumvi huvuta unyevu hewani, kwa hiyo bati lenye chumvi hubaki bichi hata siku ambayo mvua haijanyesha.

Jambo la pili ambalo msururu hausemi ni kasi. Zinki safi sana, ikitiwa kwenye asidi, hutoa mapovu kwa uvivu wa kushangaza. Walimu wenye uzoefu hudondoshea matone ya salfeti ya shaba, na papo hapo tyubu inachemka. Zinki imeitoa shaba kutoka kwenye mchanganyiko, shaba imejishikiza juu ya zinki kama madoa meusi, na madoa hayo yamekuwa mahali ambapo haidrojeni inapata elektroni kwa urahisi. Shaba yenyewe haikuliwa. Imemrahisishia mlaji kazi, na anayelipa ni zinki. Hicho kitone cha shaba kinaeleza nusu ya mikasa ya metali pwani.

Mabati kwanza. Chuma hupakwa zinki kwa sababu mbili, na ya pili ndiyo yenye ujanja. Ya kwanza ni kwamba zinki huzuia hewa na maji visifike kwenye chuma, na ikikaa hewani hujifunika kwa utando wa kabonati unaopunguza kasi ya kuliwa. Ya pili ni kwamba, bati likikatwa au kutobolewa na chuma kikabaki wazi, zinki iliyo jirani hutoa elektroni badala yake, kwa kuwa iko juu yake kwenye msururu. Kwa hiyo kingo za bati jipya hazipigi kutu mara moja. Zitapiga siku zinki ya jirani itakapokwisha.

Itakwisha lini? Hesabu yake si ngumu, na inasikitisha kuwa haifanywi dukani. Zinki yenye unene wa maikromita moja ina uzito wa karibu gramu 7 kwa mita moja ya mraba. Bati lenye gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa, lina kinga ya karibu maikromita 19 kila upande. Bati la bei nafuu lenye gramu 100 lina maikromita 7. Viwango vya kimataifa hugawa maeneo kwa ukali wa hewa yake: katika hewa ya kawaida isiyo na chumvi nyingi, zinki hupungua chini ya maikromita 0.7 kwa mwaka. Katika hewa kali ya ukingo wa bahari, hupungua kati ya 4.2 na 8.4. Gawanya mwenyewe. Maikromita 7 zilizo bara zinaweza kupita miaka 10, na zilizo mbele ya bahari zinaweza zisimalize miaka 2. Baada ya hapo kinachobaki ni chuma chenye unene wa karibu robo ya milimita, na katika hewa hiyo hiyo chuma kitupu hupoteza maikromita 80 hadi 200 katika mwaka wake wa kwanza.

Geji, kwa maneno mengine, inampa mnunuzi unene wa kile kitakacholiwa, na haimwambii lolote kuhusu kinga. Mabati ya aluzinki, yenye mchanganyiko wa takriban asilimia 55 za alumini na asilimia 43 za zinki, hustahimili hewa ya bahari kwa muda mrefu zaidi. Nayo yana hila zake, ambazo zinahusu chokaa na zitakuja chini.

Jambo linalowashangaza wengi ni kuwa bati hupiga kutu mapema upande wa chini wa upenu kuliko juu, kwenye mvua. Mvua ya masika huosha chumvi iliyo juu. Chini ya upenu hakuna kinachoiosha, na unyevu wa usiku unaikuta palepale.

Sasa mashua. Pale ufukweni karibu na soko la samaki, mashua kuukuu ikivunjwa, misumari yake husimulia kisa kamili. Kichwa cha msumari mara nyingi bado kipo, na ncha ipo. Shina, pale mbao mbili zilipokutana, limekuwa jembamba kama njiti, na mbao iliyolizunguka imegeuka nyeusi na laini kiasi cha kuchomeka kwa kucha. Kichwa kilikuwa kwenye maji yenye oksijeni tele, kikawa mahali pa kupokelea. Shina lililojificha ndani ya mbao, ambako oksijeni ilikwisha mapema, likawa mahali pa kutolea. Msumari mmoja, metali moja, umejigawa pande mbili kwa sababu tu hewa haikufika sawa.

Mafundi wa pwani waliyajua madhara haya bila kuyaandikia mlinganyo. Pamba iliyolowa mafuta hushindiliwa kwenye maungio kwa kalafati, na chini ya mstari wa maji mashua hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Kabla ya misumari kuenea kulikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi. Kitabu cha mabaharia cha Kiyunani cha karne ya kwanza, Periplus, kinataja vyombo vya kushonwa kwenye pwani hii na kusema mji wa Rhapta ulipata jina lake kutokana na vyombo hivyo. Si kwamba chuma kilikosekana: katika karne ya 12 al-Idrisi aliandika habari za chuma kilichouzwa kutoka pwani ya Zanji. Kuna hekaya ya kale iliyodai vyombo hushonwa kwa kuhofia mlima wa sumaku unaong'oa misumari baharini. Maelezo ya kawaida zaidi ni kwamba kamba ilikuwa rahisi kupatikana na chombo cha kushonwa hukubali kupinda kwenye wimbi na mwamba. Kutopata kutu kulikuwa faida ya ziada, na si ndogo.

Waingereza walilipia somo hilo hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1761 meli ya kivita HMS Alarm ilivalishwa shaba chini ili isitobolewe na fukusi wa baharini. Ilipokaguliwa mwaka 1763, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeliwa hadi kuoza. Mahali ambapo karatasi iliyofungia mabamba ya shaba ilisahaulika katikati, misumari ilikuwa mizima. Kile kitone cha salfeti ya shaba cha darasani, kikiwa na ukubwa wa meli. Davy, yule wa sodiamu, mwaka 1824 aligeuza mambo: alibandika vipande vya chuma na zinki kwenye shaba ya meli ili viliwe kwa niaba yake. Ikafanya kazi barabara. Shaba haikuliwa, na kwa kuwa haikuliwa haikutoa sumu yake kidogo kidogo kwenye maji, kwa hiyo viumbe na majani ya bahari vikaota chini ya meli na kuifanya izembee. Jeshi la majini likaachana na mpango huo. Lakini kanuni yake haikufa: injini za boti zinazokwenda na kurudi kati ya Bagamoyo na Zanzibar zina kipande cha zinki chini kilichowekwa kwa kusudi la kuliwa, na mwenye boti anayekipaka rangi ili kipendeze anakuwa amekifunga mdomo.

Je, haidrojeni imetoweka kabisa katika habari hii? Hapana, imejificha. Kwenye lile shina la msumari lililojificha ndani ya mbao, au chini ya kigaga cha kutu, ioni za chuma zinazoyeyuka huungana na maji na kuacha asidi nyuma yake; kloridi huvutwa kuingia, na pi-echi inaweza kushuka hadi 3 au chini zaidi, hata kama maji ya nje ni yale yale ya 8.1. Hapo masharti ya darasani yanatimia upya: metali iliyo juu ya haidrojeni, ndani ya asidi. Haidrojeni hutolewa kweli, kwa kiasi kidogo, mahali ambapo hakuna jicho la kuyaona mapovu.

Nondo zinafuata njia hiyo hiyo kwa mwendo wa taratibu. Saruji mpya ina pi-echi zaidi ya 12, na katika hali hiyo chuma hujivika utando unaokizuia kutoa elektroni. Mambo mawili huuvunja. Moja ni hewa ukaa inayopenya polepole na kuimaliza nguvu chokaa iliyomo. Jingine ni kloridi, na hii pwani mara nyingine huingizwa kwa mkono: mchanga umechotwa ufukweni, au maji ya kuchanganyia yametoka kisima chenye chumvi. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma iliyotokana nacho, kwa hiyo zege hupasuka kwa kusukumwa kutoka ndani. Nguzo ya baraza yenye ufa ulionyooka kufuata nondo imeshatoa taarifa. Kuipaka rangi ni kuificha taarifa hiyo.

Majengo ya kale ya matumbawe na chokaa yaliyosimama kwa boriti za mikoko hayakuwa na hatari hii. Yaliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuchanganya matumbawe na chuma yaliikaribisha. Beit el-Ajaib ya Zanzibar, ya mwaka 1883, ilisifiwa kwa nguzo zake za chuma na dari zilizobebwa na mihimili ya chuma. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka. Anguko la namna ile halina sababu moja, na maji yanayopenya huharibu chokaa vilevile kama chuma. Lakini mhimili wa chuma ndani ya ukuta wenye unyevu wa bahari hauhitaji adui mwingine.

Jikoni kuna kisa kinachoupinga msururu waziwazi. Alumini iko juu ya zinki, -1.66, na kwa namba hiyo sufuria lingepaswa kutoa haidrojeni kila likitiwa maji. Halitoi, kwa sababu utando mwembamba mno wa oksidi umeifunika. Tia magadi ili maharage yaive haraka, na utando huo huanza kuyeyuka: mapovu madogo hutoka kwenye kuta za sufuria na uso wake hufifia na kuwa mweusi. Hiyo ni haidrojeni, na inatoka kwenye kimiminika kisicho na asidi yoyote, kwa sababu safari hii inang'olewa kwenye maji yenyewe. Viwanda vya matofali mepesi hutumia jambo hili kwa makusudi: unga wa alumini hutiwa kwenye chokaa na saruji mbichi ili haidrojeni iumue tofali. Na ndiyo hila ya aluzinki iliyotajwa juu. Lipu mbichi ikiangukia bati hilo na kuachwa, hula pale ilipodondoka, na fundi huja kulaumu bati.

Vyuma vikubwa vya pwani hii vinalindwa kwa mawazo yale yale ya Davy, yakiongezewa umeme. Nguzo za magati huning'inizwa vipande vya alumini au zinki. Mabomba ya chuma yaliyofukiwa hupelekewa elektroni kutoka mashine, ili yasitoe zao wenyewe. Pwani ina mabomba marefu ya namna hiyo: TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi mwaka 1968, na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani mkoani Tanga. Bandari ambayo mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2013 ijengwe Mbegani, kusini kidogo mwa mji wa Bagamoyo, nayo ikijengwa itahitaji ulinzi wa aina hii kwa kila nguzo ya chuma.

Kipimo cha ulinzi huo wa umeme ni chembamba. Wahandisi hutaka chuma kilichofukiwa kisomeke -0.85 au chini yake, kikipimwa dhidi ya kifaa cha shaba na salfeti ya shaba. Wakipitiliza hadi karibu -1.2, elektroni zinakuwa nyingi kuliko oksijeni inayozisubiri, na maji yenyewe huanza kuachia haidrojeni juu ya bomba. Gesi hiyo huinua rangi ya kinga kutoka kwenye chuma, na atomu zake nyingine huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike kama kigae.